Meza Tuliyodhani Ni Safi



Tuanze na kosa letu wenyewe, juu haifai kumfundisha mwenzako bila kwanza kusema pale ulipoanguka.

Ilikuwa siku ya salongo. Kikundi chetu, watu kama ishirini, tulitoka asubuhi kutengeneza matuta ya lengalenga na kabichi, upande wa nje ya Ruashi. Mama mmoja wa kikundi alibaki kupika, ni mama mjane ambaye kila mara anajitolea kazi ile. Alichinja kuku wawili, akawakata juu ya ubao, juu ya meza yake ya mbao. Akapangusa ubao na kitambaa, akakata tomati na vitunguu vya saladi. Saa saba tukala: bukari, kuku, lengalenga na saladi. Chakula kilikuwa kitamu. Tukamshukuru, kila mtu akaenda kwake.

Usiku ule tumbo zikaanza. Kesho yake watu wanane hawakufika shambani. Kuhara, kutapika, homa. Mtoto mmoja wa miaka mitatu, aliyekula pamoja na mama yake, alipelekwa kituo cha afya macho yakiwa yameingia ndani. Mungu alisaidia, alipona. Lakini mbele ya kupona kwake, maneno yalikuwa yamekwisha kuanza. Mnajua namna inavyokuwa kwetu. Mmoja akasema: "Kuna mutu alitia kitu mu chakula." Mwengine akauliza: "Na ni nani alipika?" Wiki nzima watu walikwepa kununua tomati za yule mama. Hata salamu zikapungua.

Siku tulipokaa kuzungumza vizuri, swali moja lilifungua macho yetu: wale waliogonjwa walikula nini ambacho wengine hawakukula? Kuku, tulikula wote. Bukari, wote. Lengalenga, wote. Saladi ndiyo iliyowatenga. Wale wanane, pamoja na yule mtoto, wote walikula saladi. Wale ambao hawakuionja hawakugonjwa.

Hakuna aliyepima chakula kile katika laboratwari, kwa hiyo hatuwezi kuapa. Lakini njia inaonekana. Kuku alichemka sana juu ya mbabula, na mikrobe zake zikafia kwenye moto. Tomati hazikuona moto. Zilipokea ile maji ya kuku mbichi kutoka kwa ubao, kisu na kitambaa, zikaja moja kwa moja katika sahani yetu.

Tulikwenda kumuomba yule mama musamaha. Hakufanya kitu ambacho sisi wengine hatufanyi kila siku nyumbani kwetu. Kwa sababu hiyo tunaandika.

Kile ambacho macho hayaoni

Ukiuliza mtu yeyote kama meza yake ni safi, atakujibu: "Iko safi, nilipangusa sasa hivi!" Na ni kweli kwa macho. Lakini kuna usafi wa aina mbili. Wa kwanza ni kuondoa uchafu unaoonekana: mafuta, unga, maganda, udongo. Wa pili ni kuua mikrobe zinazobaki. Ule wa pili hauwezekani bila ule wa kwanza, juu mikrobe zinajificha chini ya mafuta na uchafu, dawa haizifikii.

Tufanye hesabu kidogo. Mikrobe nyingine, zikipata chakula, unyevu na joto, zinagawanyika mara mbili kila dakika 20. Moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne. Baada ya saa moja ni 8. Baada ya saa tatu ni 512. Baada ya saa saba zimepita milioni 2. Ni wakati ule ule kati ya kulala kwako na kuamka kwako. Meza uliyoacha na maji ya nyama jioni, asubuhi haiko tena ile meza uliyoiacha.

Shirika la Afya Duniani, ile tunaita OMS, lilitoa hesabu yake mwaka wa 2015: kila mwaka watu karibu milioni 600 duniani wanagonjwa kwa sababu ya chakula kichafu, na 420,000 wanakufa. Kati ya hao wanaokufa, 125,000 ni watoto ambao hawajafikisha miaka 5. Si lazima twende mbali kuelewa hesabu hiyo. Haut-Katanga inajua kolera vizuri. Kila mara inaporudi, tunakumbuka mikono na maji ya kunywa, lakini meza tunaisahau.

Mavumbi ya Ruashi ni habari nyingine

Sisi watu wa Ruashi tuna shida ambayo wenzetu wa vijiji vya mbali hawana. Tunakaa karibu na madini. Mgodi wa Étoile, ule ulioanza kutoa shaba tangu 1911, ni jirani yetu, na mgodi wa Ruashi wenyewe uko karibu sana na nyumba. Wakati wa kipwa, kutoka mwezi wa tano mpaka mvua zirudi, upepo na malori vinainua mavumbi mekundu. Yanaingia dirishani, yanakaa juu ya meza, juu ya sahani, juu ya mboga iliyoanikwa.

Mavumbi hayo si udongo mtupu. Mwaka wa 2009, wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza matokeo ya kupima mkojo wa wakaaji wa kusini ya Katanga. Watu wanaokaa karibu na migodi ao viwanda vya kuyeyusha madini, chini ya kilometa 3, walikutwa na kobalti nyingi kupita wale wanaokaa mbali. Walikutwa pia na metali nyingine kama risasi na kadmiumu. Watoto ndio walikutwa na kobalti nyingi zaidi. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kama metali hizo zinaingia mwilini kwa chakula na kwa mavumbi, na kwa watoto mavumbi ni njia kubwa, juu mtoto anagusa chini, anagusa meza, kisha anatia mkono kinywani.

Hapa kuna jambo moja la kushika vizuri: mikrobe inakufa, metali haikufi. Ukichemsha maji, mikrobe zinakufa lakini risasi inabaki. Ukitia javeli, kolera inakufa lakini kobalti inabaki. Metali inaondolewa kwa njia moja tu: kuibeba na maji na kuitoa nje.

Kwa hiyo:

– Usipige meza wala sakafu ya jikoni kwa ufagio mkavu. Unainua mavumbi, yanazunguka, yanarudi palepale. Tumia kitambaa chenye maji, kisha suuza kitambaa ndani ya ndoo.

– Pangusa meza mbele ya kuanza kupika, hata kama uliiosha jana jioni. Mavumbi yanaingia usiku.

– Sahani na vikombe vilale vikigeuzwa, ao vifunikwe.

– Usisugue nyungu kwa mchanga wa kuokota barabarani ao karibu na mgodi. Majivu ya makala yanafaa kuliko huo mchanga, na sabuni inafaa kuliko yote.

– Baba ao kijana anayetoka kuchimba avue nguo za kazi nje, anawe, ndipo aingie jikoni. Na beseni iliyosafisha mawe ya madini isirudi kamwe kwa mboga ao kwa unga, hata ukiisugua namna gani.

– Mifuko iliyobeba madini, ao mbolea ya kiwandani, ao dawa ya wadudu, isitandikwe juu ya meza, wala isianikiwe sombe, mahindi ao samaki.

Hatua nne, kila siku

Ndugu, kazi yenyewe si ndefu. Meza ya kawaida inachukua dakika tano hivi. Lakini hatua zifuatane, usiruke hata moja.

*Ya kwanza, ondoa.* Toa maganda, mifupa, magamba ya samaki na unga uliomwagika. Tupa ndani ya chombo chenye kifuniko, si pembeni ya mlango. Inzi akitoka kwa maganda ao kwa choo, kituo chake cha pili ni meza yako.

*Ya pili, osha.* Maji na sabuni, usugue kwa nguvu, zaidi katika mifereji ya mbao, kwenye misumari na pembeni. Kazi kubwa inafanyika hapa.

*Ya tatu, suuza.* Maji safi, utoe povu lote. Sabuni ikibaki, javeli inapoteza nguvu.

*Ya ine, ua mikrobe.* Mwaga maji ya javeli yaliyopimwa, yaenee meza nzima, ngoja dakika mbili, kisha acha ikauke yenyewe kwa hewa. Usipanguse na kile kitambaa cha zamani, juu utarudisha yale uliyoondoa.

Hatua ya ine si ya kila saa. Ni baada ya kukata nyama, kuku ao samaki, baada ya mtu mgonjwa kutapika ao kuhara nyumbani, na mara moja kila jioni. Katikati ya siku, sabuni na maji zinatosha.

Kipimo cha javeli

Watu wengi wanamwaga kwa macho. Wengine kidogo sana, mikrobe zinacheka. Wengine nyingi sana, mikono inaungua, na pesa inamwagika bure. Chukua bidoni ya litre 5 yenye maji safi, na kijiko kidogo cha chai (ml 5). Soma chupa yako ya javeli:

– Ikiandikwa 5%: vijiko vidogo 4.

– Ikiandikwa 12°, ni karibu 4%: vijiko vidogo 5.

– Ikiandikwa 2.6%: vijiko vidogo 8.

Chupa isiyo na maandiko, ile inauzwa kwa kupimia barabarani, hujui nguvu yake. Ni vizuri watu watano ao sita wa ushirika wachange kununua chupa moja yenye kuandikwa, kisha wagawane.

Mambo ya kuchunga: tengeneza maji hayo kila siku, juu nguvu yake inapungua, na jua linaiharibu haraka. Bidoni ifungwe, ikae kivulini. Usichanganye javeli na siki, wala na dawa ya kusafisha choo, wala na dawa nyingine yoyote. Hewa inayotoka inaweza kuua mtu. Usiitie ndani ya chupa ya soda, mtoto atainywa. Chupa ya dawa ya wadudu isitumike kwa kitu chochote cha jikoni. Na maji hayo ya meza si ya kunywa.

Kama javeli haiko, maji yanayochemka kabisa, yakimwagwa juu ya ubao na kisu vilivyokwisha kuoshwa, yanasaidia sana. Kisha weka ubao juani, usimame, usilale.

Ubao: mbao ao plastiki?

Swali hili tunaulizwa kila mara. Kule Marekani, katika miaka ya 1990, mchunguzi Dean Cliver wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alilipima. Watu walidhani plastiki ndiyo salama. Alikuta kama kwenye mbao, mikrobe zinaingia ndani, hazirudi kirahisi juu, na kidogo kidogo zinakufa. Plastiki mpya inaoshwa vizuri, lakini ikikwisha kujaa mikwaruzo ya kisu, kuiosha kwa mkono kunakuwa kazi ngumu.

Maana yake kwetu: usitupe ubao wako wa mbao. Angalia tu mikwaruzo. Ubao uliopasuka ama wenye mifereji ya kina, upelekee fundi aulainishe, ao uufanye kuni. Mbao au plastiki, ile isiyokauka ni adui.

Na meza yenyewe? Mbao zenye nafasi katikati zinaficha uchafu ambao kitambaa hakifiki. Unaweza kuifunika na plastiki ya mezani, uivute vizuri na kuifunga chini. Siku ikipasuka, ibadilishe, juu maji yakiingia chini yake inaoza, na huoni kitu. Wengine wanajenga meza ya matofali na kuilainisha juu kwa simenti. Iinamishwe kidogo upande mmoja ili maji yatoke.

Ukiwa na ubao mmoja tu

Ubao wa pili ni vizuri. Chukua msumari wa moto, uchome alama moja kwenye ubao wa mboga, alama mbili kwenye ubao wa nyama na samaki. Hata mtoto ataelewa.

Lakini kama iko mmoja tu, kuna njia isiyoomba hata franka moja: fuata mustari. Kata kwanza vitu vinavyoliwa bila moto: tomati, vitunguu vya saladi, avoka. Viweke pembeni, vifunike. Fuata na mboga za kupika: lengalenga, matembele, kabichi. Mwisho kabisa, kuku, nyama ao samaki. Kisha osha hatua zote nne. Siku ile ya salongo, kama kazi ingefuata mustari huo, labda mtoto yule asingefika kituo cha afya.

Na yule thomson wa barafu, tafadhali, asiyeyuke juu ya meza. Mutie ndani ya beseni yenye kifuniko, maji yake yabaki mule. Kuku mbichi hana haja ya kuoshwa kwa maji ya kurusha. Matone yanaruka mpaka kwa sahani ambazo hukuzikumbuka. Moto utafanya kazi hiyo.

Kitambaa kile kile

Tulipotembelea majikoni ya wanachama, kitu kilichotushangaza si meza, ni kitambaa. Kimoja tu kinapangusa meza, kinashika nyungu ya moto, kinafuta mikono, kinafuta pua ya mtoto. Kinalala kimelowana, asubuhi kinatoa harufu. Kitambaa kama hicho hakisafishi, kinapakaa.

Vitambaa vitatu vya nguo ya zamani vinatosha: kimoja cha meza, kimoja cha vyombo, kimoja cha mikono. Kila jioni vioshe kwa sabuni, vichemshe dakika kumi makala yakiwa bado na moto, vianike. Asubuhi vinakuwa vikavu. Kitambaa cha sakafu kikae mbali navyo.

Maji yakiwa haba

Tunajua. Mrija unakauka siku nyingi, kisima kiko mbali, bidoni inauzwa. Hatutaki kuandika ushauri wa watu wenye mrija jikoni. Litre 3 zinatosha kwa meza moja, zikigawanywa vizuri: moja ya sabuni, moja ya kusuuza, moja ya javeli. Maji ya sabuni yakikwisha kazi ya meza, yanaosha sakafu. Yale ya kusuuza yanakuwa maji ya sabuni ya kazi inayofuata. Maji ya javeli yasimwagwe kwenye matuta ya mboga.

Na mavuno yanayotoka shambani yasipande juu ya meza. Yana udongo, na udongo wetu wakati mwingine una mbolea ya kuku. Yawe na fasi yao nje, juu ya turubai safi. Yakaoshwe kule mara mbili ao tatu kwa kubadilisha maji, ndipo yaingie. Kuku nao, waambie meza si barabara yao.

Faida ya ushirika

Mtu atauliza: haya mambo ya jikoni yanahusu nini gazeti la wakulima? Yanahusu sana. Watu wanane wakikosa shamba siku tatu, ni siku 24 za kazi zimepotea, wakati wa kupanda. Bado hujahesabu pesa ya kituo cha afya. Tena, wanachama wetu wengi wanauza chakula kilichotengenezwa: sombe iliyotwangwa, tomati za kukata, mikate, sahani za malewa karibu na soko ya Kenya ama kule Ruashi. Mteja anayegonjwa mara moja harudi, na anaambia wenzake. Lakini mteja anayeona meza inaoshwa mbele ya macho yake, anarudi na jirani.

Katika kikundi chetu tulipatana hivi: siku za salongo wapishi ni wawili, mmoja wa vitu vibichi vya saladi, mmoja wa nyama, kila mtu na kisu chake. Chupa ya javeli inanunuliwa na sanduku la kikundi. Na mtu akigonjwa, tunauliza kwanza alikula nini na kilitengenezwa namna gani, mbele ya kuuliza nani alipika.

Hili la mwisho ndilo tunaomba mujadili katika mkutano wenu ujao. Munaweza kuanza na maswali haya: Meza ya kikundi chetu inaoshwa na nani, na lini? Ubao wetu una mikwaruzo gani? Nani kati yetu anapika mara nyingi, na tumempa maji na sabuni ya kutosha, ao tumempa lawama tu?

Mtu akianza kuhara, msingojee. Mpe maji safi litre 1 yenye vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, anywe kidogo kidogo, na umpeleke kituo cha afya, mbio zaidi kama ni mtoto.

Yule mama mjane bado anatupikia. Siku ya salongo iliyopita alitufukuza sote jikoni mpaka tunawe mikono. Tulinawa.